Baada ya Kiharusi, Ndugu na Daktari Hawatoshi

Aliyenusurika kiharusi anaporuhusiwa kutoka hospitalini huondoka na karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki na maneno mengi ya kumtia moyo. Vyote vinahitajika. Ila yanayomkesha usiku hayamo kwenye karatasi ile, na mara nyingi hata hajui amwulize nani. Swali kubwa la kama atapona amekwisha kuliuliza na kujibiwa kwa uangalifu. Yaliyobaki ni maswali madogo madogo yenye aibu. Kwa nini nalia nikiona tangazo la sabuni? Mbona nikimaliza kuoga siwezi tena kufanya kitu kingine mpaka jioni? Huu mkono utaacha lini kujikunja? Mwenzangu anapogeukia ukutani usiku, amechoka au ananiogopa?

Hoja yangu ni kwamba wa kumjibu maswali hayo si daktari, wala si ndugu, hata kama wote wawili ni watu wema. Ni mtu mwingine aliyewahi kupigwa na kiharusi. Na kumkutanisha mgonjwa na mtu wa namna hiyo kusihesabiwe kuwa hisani itakayofanyika nafasi ikipatikana. Kuingie kwenye matibabu yenyewe, sambamba na vidonge vya presha na mazoezi ya viungo.

Tazama jinsi tiba ya kiharusi ilivyojengwa: msingi wake ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa wagonjwa wa kiharusi, ilitakiwa itolewe ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Baadaye muda huo ukasogezwa hadi saa nne na nusu. Mwaka 2015 majaribio kadhaa yalithibitisha kwamba damu iliyoziba mshipa mkubwa wa ubongo inaweza kuvutwa nje kwa mrija mwembamba, na kufikia 2018 ikaonekana kuwa wapo wagonjwa wanaonufaika hata wakifanyiwa hivyo karibu saa 24 baadaye. Ni kazi ya kutukuka na imeokoa watu wengi. Lakini aliyeokolewa ndani ya saa nne anaweza kuishi miaka ishirini zaidi, na miaka hiyo haina mwenyewe. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalihesabu viharusi vipya zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, na watu zaidi ya milioni 100 walio hai baada ya kupata kiharusi. Shirika la Kiharusi Duniani husema mtu mzima mmoja kati ya wanne atakipata katika maisha yake. Kadiri tiba ya saa za mwanzo inavyoboreka, ndivyo manusura wanavyoongezeka, na ndivyo pengo la baadaye linavyopanuka.

Hata vipimo vya kitabibu vinalifunika pengo hilo. Kipimo kinachotumika sana kueleza hali ya mgonjwa baada ya kiharusi ni cha Rankin, kilichotokana na kazi ya daktari John Rankin wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1957 na kurekebishwa baadaye. Kinaanzia sifuri, yaani hakuna dalili yoyote, hadi sita, yaani mgonjwa amefariki. Katika tafiti nyingi anayepata sifuri, moja au mbili huhesabiwa kuwa amepata matokeo mazuri. Sasa angalia mbili ina maana gani: mtu anaweza kujihudumia bila msaada, ila hawezi tena kufanya yote aliyokuwa akiyafanya. Mwalimu ambaye siku hizi sentensi humponyoka katikati, lakini anavaa na kula mwenyewe, yumo humo. Fundi cherehani ambaye vidole vya mkono wa kulia havimtii tena, naye yumo. Kwenye jedwali la utafiti wamefaulu. Nyumbani wamekaa kitini, na kila anayeingia anawaambia washukuru.

Sisemi kipimo hicho kibaya. Kinafanya kazi iliyokusudiwa, yaani kulinganisha dawa na dawa, hospitali na hospitali. Ubaya ni pale mgonjwa anapobaki nacho peke yake.

Ndugu nao wana kipimo chao, nacho ni mtu wa zamani. Mke anamkumbuka mume aliyekuwa akipanda ngazi akipiga mluzi. Watoto wanamkumbuka mama aliyekuwa akikumbuka kila siku ya kuzaliwa bila kuandika. Hawakusudii kumuumiza, lakini kila siku mgonjwa anapimwa na mtu ambaye hayupo tena, na kila siku anapungua. Wengine huenda upande wa pili: huruma inazidi hadi mgonjwa haachiwi hata kumimina maji yake ya kunywa. Kwa vyovyote vile, mwenyewe hapati kujua amefika wapi. Akimwuliza daktari, anaambiwa kila mtu hupona kwa kasi yake. Ni kweli tupu, na haimsaidii chochote.

Mtu aliyepitia njia hiyohiyo huja na kipimo cha tatu. Anasema: "Mimi mwezi wa tatu nilikuwa hivyohivyo. Kidole gumba kilianza kusogea mwezi wa saba. Kutembea bila fimbo, mpaka leo bado, ila ngazi napanda." Maneno hayo si ahadi, na msikilizaji anajua kwamba kiharusi cha huyu si kiharusi cha yule. Lakini kwa mara ya kwanza anapata kitu cha kujipima nacho ambacho si ugonjwa wala si mtu aliyekufa ndani yake. Ndiyo maana naona watu wanakosea wanapodhani thamani ya vikundi vya manusura ni kutiana moyo. Moyo wanatiwa kila kona, hadi wamechoka nao. Wanachokikosa ni taarifa kutoka kwa mtu mwenye haki ya kuitoa.

Chukua jambo dogo kama kuvaa shati. Kanuni yake ni kwamba mkono ulioathirika huingia kwanza na hutoka mwisho. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo huifundisha, na mgonjwa huitikia kwa kichwa, kisha nyumbani anahangaika na shati robo saa na kuishia kumwita mtu. Mwone sasa akiwa mbele ya mwenzake ambaye mkono wake wa kushoto umekakamaa vilevile. Mwenzake amelitandaza shati mapajani, ukosi ukielekea magotini. Mkono wa kushoto ameuacha uning'inie katikati ya magoti ili uzito wake wenyewe uunyooshe, kisha anapandisha mkono wa shati kwa vidole vya kulia, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Hapo ndipo anasimama kidogo na kusema kwamba asipopitisha kiwiko kwanza, kila kitu kitarudi nyuma. Vifungo vya chini alikwisha kuvifunga kabla ya kuanza, akabakiza viwili vya juu ili kichwa kipite. Robo saa ile imekuwa dakika nne. Hakuna siri hapo ambayo mtaalamu haijui. Tofauti ni kwamba mtaalamu ana mikono miwili mizima, na mgonjwa anaiona.

Au chukua bega. Baada ya kupooza, misuli inayolishikilia bega hulegea, na mfupa wa mkono unaweza kushuka kidogo kutoka mahali pake. Ndugu wenye nia njema humnyanyua mgonjwa kwa kumvuta mkono huohuo, au kwa kumtia mikono kwapani na kumwinua. Maumivu ya bega yanayofuata yanaweza kudumu miezi na kumfanya aache mazoezi kabisa. Mgonjwa mpya hana ujasiri wa kumwambia shemeji yake, "Usinishike hapo." Mtu aliyewahi kuumia bega kwa njia hiyo atalisema mbele ya familia nzima bila kupepesa macho, na familia itamsikia kwa kuwa anaongea huku amelishika bega lake.

Kuna mambo yasiyoonekana, na hapa ndipo upweke unapokuwa mkubwa zaidi. Uchovu wa baada ya kiharusi humpata takriban nusu ya manusura. Hautokani na kazi wala hauondoki kwa kulala. Mtu anaweza kuzungumza na wageni nusu saa na kulazimika kulala saa tatu, si kwa sababu miguu imechoka bali kwa sababu ubongo uliojeruhiwa unatumia nguvu nyingi kufuata mazungumzo ya watu wanne wanaoongea kwa zamu na kwa pamoja. Kwa anayetazama kutoka nje, huo ni uvivu au ni kujidekeza. Mwenyewe naye, asipokutana na mwingine mwenye hali hiyo, huanza kuamini hivyohivyo.

Kilio nacho kina habari yake. Kiharusi kinaweza kuharibu njia za ubongo zinazodhibiti kicheko na machozi, na katika miezi ya mwanzo hali hiyo humpata karibu mtu mmoja kati ya watano. Mtu analia bila huzuni, au anacheka msibani. Ni tatizo la mishipa ya fahamu, si la tabia, na halilingani na sonona, ingawa vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Sonona yenyewe humpata takriban mmoja kati ya watatu ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Kuvitofautisha ni kazi ya daktari, na ni muhimu, kwa kuwa matibabu yake hayafanani kila mara. Lakini mgonjwa hamfikii daktari na jambo hilo mpaka mtu amwambie kwamba lipo na lina jina. Mara nyingi anayemwambia ni mwenzake, aliyemwona akifuta machozi na kucheka kidogo: "Wewe pia? Mimi lilinianzia kwenye harusi ya binti yangu, watu wakadhani sikubali mkwe."

Kuna kisa cha miaka ya 1960 ambacho wanaoshughulika na huduma hizi hukirejea mara kwa mara, na nadhani mara nyingi hukisoma vibaya. Mwaka 1965 mwigizaji wa Marekani Patricia Neal, akiwa na umri wa miaka 39 na mjamzito, alipasukiwa na mishipa ya ubongo na kupoteza fahamu kwa takriban wiki tatu. Alipozinduka hakuweza kuongea wala kutembea sawasawa. Mumewe, mwandishi Roald Dahl, alimrudisha kijijini kwao Great Missenden, Uingereza, akapanga majirani na marafiki waje kwa zamu kila siku kumsomesha: maneno, hesabu, michezo ya kadi, mafumbo. Mmoja wao, Valerie Eaton Griffith, hakuwa daktari wala muuguzi. Aliendelea naye kwa muda mrefu, na miaka mitatu baadaye Neal alikuwa amerudi kwenye filamu, kisha akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Griffith aliigeuza njia ile kuwa mpango wa watu wa kujitolea uliosambaa Uingereza katika miaka ya 1970.

Kisa hicho husimuliwa kama ushindi wa nia ya mtu mmoja, au kama sifa ya mume mkali asiyekubali kushindwa. Ukali wa Dahl umebishaniwa sana, na mimi sioni haja ya kumtetea. Wapo wagonjwa ambao mbinu zake zingewavunja. Kinachonivutia ni ratiba. Nyumba ile ilikuwa na fedha na umaarufu, na bado familia haikuweza kubeba kazi ile peke yake. Walihitajika watu wa nje, wasiomwonea huruma kupita kiasi, wasiomfahamu vya kutosha kumlinganisha kila dakika na alivyokuwa, wanaokuja saa fulani na kuondoka saa fulani. Kupangwa ndiko kulikoleta matunda. Wema usio na ratiba huisha mwezi wa pili.

Ushahidi wa tafiti unaniunga mkono, lakini si kwa urahisi ambao wanaharakati wangependa. Nianze na yaliyoshindikana. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza katika vitengo 36 vya kiharusi, ambako walezi wa nyumbani walipewa mafunzo maalumu kabla ya mgonjwa kuruhusiwa. Baada ya miezi sita hapakuonekana tofauti, si kwa wagonjwa wala kwa walezi. Mwaka 2017 likaja jaribio la India lililohusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14: ndugu walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani, na miezi sita baadaye vifo na utegemezi vilikuwa vilevile kama kwa wale ambao ndugu zao hawakufundishwa. Mwaka uliofuata, jaribio kubwa la Uingereza la dawa ya sonona iitwayo fluoxetine lilionyesha kwamba kuwapa manusura wote dawa hiyo kwa miezi sita kulipunguza sonona lakini hakukuboresha uwezo wao wa kujimudu, na mifupa iliyovunjika ikaongezeka.

Majaribio hayo hayakupima vikundi vya manusura, kwa hiyo asije mtu kusema yamethibitisha hoja yangu. Yanachobomoa ni dhana moja tuliyoizoea mno, kwamba mfundishe ndugu, mpe mgonjwa kidonge, basi umemaliza. Familia imetwishwa mzigo ambao hata ikifundishwa haiwezi kuubeba wote.

Kuhusu manusura kwa manusura, ushahidi uliopo ni mdogo ila unaelekea pazuri. Jijini London watafiti waliwafundisha watu waliokwisha kuishi na afasia, yaani tatizo la lugha linaloletwa na kiharusi, kisha wakawatuma kuwatembelea wagonjwa wapya mara sita ndani ya miezi mitatu. Lilikuwa jaribio la kuona kama jambo lenyewe linawezekana, na ikaonekana linawezekana: watu wenye shida ya kuongea waliweza kuwa tegemeo la wenzao wenye shida ya kuongea. Zamani zaidi, mwaka 2005, utafiti wa kaskazini mwa Manhattan, New York, ulionyesha kwamba watu waliokuwa wapweke kabla ya kiharusi walipata matokeo mabaya zaidi baadaye kuliko waliokuwa na watu wao. Nani asubiri miaka kumi mingine ya majaribio kabla ya kumkutanisha mtu na mtu? Dawa mpya inaweza kuua, kwa hiyo lazima isubiri. Mazungumzo ya saa moja yanayosimamiwa vizuri hayana hatari ya aina hiyo.

Nimesema yanayosimamiwa vizuri, kwa sababu vikundi navyo vina sumu zake.

Sumu ya kwanza ni kubadilishana dawa. Watu wawili wamekaa kwenye kiti kimoja, wote wamepooza upande wa kulia, wote mdomo ulikwenda upande. Mmoja mshipa wake uliziba, mwingine mshipa wake ulipasuka. Yule wa kwanza anakunywa aspirini kila siku, na inamkinga. Akimshauri mwenzake afanye vivyo hivyo bila daktari wake kujua, anaweza kumletea hatari ya damu kuvuja tena. Kwa macho hakuna anayeweza kuwatofautisha. Picha ya kichwa iliyopigwa hospitalini ndiyo inayojua. Kwa hiyo kikundi chochote cha manusura kinahitaji sheria moja isiyojadiliwa: tunasimuliana tunavyoishi, hatuandikiani dawa. Na anayeacha vidonge vya presha kwa sababu anajisikia vizuri aambiwe wazi na wenzake, tena kwa ukali kidogo. Nchini Marekani karibu robo ya viharusi humpata mtu aliyekwisha kupata kingine kabla. Wauza tiba za miujiza nao huvinusa vikundi hivi mapema sana, maana hakuna mteja rahisi kama mtu aliyekata tamaa aliyezungukwa na wengine waliokata tamaa.

Sumu ya pili ni shujaa. Kila kikundi huwa na mmoja aliyepona kwa kasi, anayekimbia asubuhi na kusema siri ni kutokukata tamaa. Simtukani; kupona kwake ni kwa kweli, na juhudi zake pia. Ila ukubwa wa jeraha, mahali lilipokaa kwenye ubongo, umri, na muda uliopita kabla ya kufika hospitali vilikwisha kuamua mengi kabla yeye hajaanza kujitahidi. Akiachiwa kipaza sauti kila mkutano, wengine wataanza kuona kupooza kwao ni uzembe. Kiongozi mwenye busara humpa shujaa kazi ya kupanga viti na kumwachia nafasi mtu ambaye mwaka wa nne bado anatumia fimbo na amejifunza kuishi nayo. Maneno ya huyo ndiyo yanayowafaa wengi. Na tusisahau kwamba kupona hakukomi mwezi wa sita, kama wengi wanavyoambiwa. Kasi huwa kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, lakini lugha na matumizi ya mkono huweza kuendelea kuboreka kwa miaka. Mwanasayansi wa ubongo Jill Bolte Taylor, aliyevuja damu ubongoni mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 37, ameeleza kwamba kwake kazi hiyo ilichukua miaka minane.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu haionekani. Takriban theluthi ya wanaopata kiharusi hupata afasia, na vikundi vingi vimejengwa kwa maneno: jitambulishe, simulia, uliza. Mtu ambaye anajua anachotaka kusema lakini neno halimjii anakaa pembeni, anatabasamu, na mkutano wa tatu haji. Watu husema amekata tamaa, kumbe hakuachiwa nafasi. Mwanamuziki Edwyn Collins wa Uskoti alipovuja damu ubongoni mwaka 2005, kwa muda alibaki na maneno machache tu: ndiyo, hapana, jina la mkewe, na sentensi moja, kwamba uwezekano hauna mwisho, aliyoirudia tena na tena. Akili yake ilikuwapo. Akarudi jukwaani, na akajifunza kuchora ndege kwa mkono wa kushoto.

Huko Toronto, Kanada, kituo kilichoanzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya watu wenye afasia kilijenga njia ya kuzungumza nao ambayo haihitaji vifaa vya kifahari. Karatasi na kalamu nene ziwe mezani. Swali moja kwa wakati mmoja. Andika maneno mawili matatu makubwa, mwache anyooshee kidole. Chora. Andika "ndiyo" na "hapana" pembeni, na ukidhani umeelewa, mrudishie ulichoelewa ili athibitishe. Na zaidi ya yote, ngoja. Sekunde kumi za ukimya ni ndefu mno kwa mtu mzima wa kawaida. Ndani ya sekunde ya tatu amekwisha kukumalizia sentensi yako, tena vibaya. Kikundi kinachoweza kungoja sekunde kumi kimewarudisha watu theluthi nzima mezani. Kisichoweza, kijiite kikundi cha wanaoongea.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana kwenye mikutano ya wahudumu wa afya, wanaozoea kuona mgonjwa kama mpokeaji. Mwaka 1965, msomi wa Marekani Frank Riessman aliandika kwamba katika kusaidiana, anayesaidia mara nyingi hunufaika kuliko anayesaidiwa. Kwa mtu wa kiharusi jambo hili lina uzito wa pekee. Amepokonywa kazi, pengine na gari, na uamuzi juu ya fedha zake mwenyewe. Nyumbani yeye ndiye anayehudumiwa kuanzia asubuhi. Siku anapoombwa akakae na mgonjwa mpya amweleze namna ya kushuka kitandani, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa kuna mtu anayehitaji anachokijua. Na anachokijua amekipata kutokana na kiharusi chenyewe.

Walezi nao wanahitaji chumba chao, na kwa kweli nasisitiza neno chumba: mlango unaofungwa. Mke anayemwinua mume wake mara tatu kila usiku ana maneno ambayo hawezi kuyasema mbele yake. Kwamba amechoka. Kwamba kuna asubuhi alitamani asingeamka. Kwamba mume aliyerudi si yule aliyeondoka, mkali kuliko zamani au mpole kupita zamani, na hajui amwomboleze nani wakati mtu yu hai. Akiyasema mbele ya mgonjwa ni ukatili, na asipoyasema popote atavunjika, naye akivunjika mgonjwa hana mwingine. Vikundi vinavyowachanganya wote mwanzo hadi mwisho hubaki na salamu na shukrani. Ni afadhali watengane saa ya kwanza, kisha wakutane.

Linabaki suala la lini. Hospitali chache zenye utaratibu huu huuliza mara moja, siku ya kuruhusiwa, na wengi hukataa. Wana haki ya kukataa. Siku ile mtu bado anaamini kwamba baada ya wiki sita atakuwa amerudi kazini, na kumkalisha na watu wenye fimbo ni kumwonyesha asichotaka kukiona. Jibu lake huandikwa kwenye faili, "hakupenda", na faili hufungwa. Haja huja baadaye sana: wageni wamepungua, vipindi vya mazoezi vimekatishwa kwa maelezo kwamba maendeleo ni kidogo, ndugu wamerudi kwenye shughuli zao, na mgonjwa ameanza kufahamu kwamba hali yake ya sasa ndiyo atakayoishi nayo kwa muda mrefu. Kwa hiyo swali liulizwe tena kliniki mwezi wa tatu, na tena mwezi wa sita, na anayeuliza asiwe anasoma kutoka kwenye fomu. Awe na namba ya simu ya mtu mmoja, manusura, aliyekubali kupigiwa.